Kilo 2 za mbegu ya boma rhodes na punda wangu 4: maoni yangu baada ya mwaka na nusu

Nawaandikia wenye punda wa Lamu, Shela, Matondoni na Kipungani, pamoja na jamaa zetu wa Mokowe na Hindi walio na mnyama wa kulisha na kiraka cha ardhi kilicholala bure. Nimepanda nyasi ya kulisha punda, jina lake boma rhodes. Najua wengine mtashangaa, maana kwetu nyasi hukatwa, haipandwi. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka kaskazi ya mwaka juzi iliponifunza.

Kaskazi ile jua lilikausha kila kitu. Punda wetu mnajua maisha yao: mchana kutwa mashogi mgongoni, mchanga, mawe, saruji, maji, jioni wakifunguliwa huachwa wazunguke mjini wajitafutie. Na vichochoroni kuna nini? Maganda ya maembe, maboksi, mabaki ya wali, na nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini karatasi za mkate na za maziwa zingali zimejaa majaani. Almasi, jike langu ambaye marehemu mume wangu alimnunua akiwa mtoto, alishinda siku mbili hali, anajilaza, anajigeuza kutazama ubavu wake. Alitibiwa, akapona, namshukuru Mungu. Daktari aliniambia kwamba punda mwenye nyasi tumboni haendi kutafuta cha kutafuna jaani. Hospitali ya punda tunayo hapa Lamu tangu 1987, na wengi wetu tunajua njia ya kwenda huko kuliko tunavyojua njia ya kumlisha mnyama asifike huko. Neno la daktari lilinilaza macho.

Nilianza kwa kununua nyasi kavu. Marobota 10, yaliletwa kwa lori kutoka mbali, yakashushwa jeti ya Mokowe, yakavushwa kwa mashua. Robota la shilingi 300 lilipofika mlangoni kwangu lilikuwa limefika 620, kwa kuwa kila mkono uliolibeba ulitaka haki yake. Nikakata kamba ya robota la kwanza kwa hamu. Ndani mlikuwa na mabua ya manjano, magumu kama njiti za ufagio, na vumbi la kukohoza. Nyasi ile ilikatwa ikiwa imeshapukutisha mbegu, na nyasi ikifika hapo majani yamekwisha nguvu, limebaki bua. Marobota 3 yalikuwa yamerushiwa maji ya bahari njiani, yameota ukungu. Hayo nikayatupa, nyasi yenye ukungu humharibu punda mapafu na tumbo, bora alale na njaa kidogo. Aliyeniuzia simtaji, na huenda yeye mwenyewe hakuyafungua. Lakini nilipiga hesabu ya punda 4, siku 90 za kaskazi, nikaona nikiendelea hivyo nitauza mmoja ili niwalishe watatu.

Ndipo nikafikiria kupanda mwenyewe.

Shamba ninalo Matondoni, la urithi, eka moja na kitu. Juu kuna minazi na miembe miwili. Katikati ni wazi. Chini linateremka mpaka karibu na mikoko, na huko kisima kina maji ya chumvi. Mahindi niliyapanda miaka miwili mfululizo yakatoka yakiwa mekundu na kufa. Upande ule ulikuwa umebaki wa kufungia mbuzi.

Mbegu ya kwanza nilinunua kwa mchuuzi, imetiwa kwenye mfuko mweupe usio na herufi hata moja. Nusu kilo, shilingi 400. Hilo lilikuwa kosa, nalieleza ili asiye na pesa za kupoteza asilirudie. Mbegu ya nyasi hii ni nyepesi sana na ina manyoya. Ukiitazama kwa macho huwezi kujua kama ndani ya ganda mna punje au mna hewa. Fanya hivi: bana kidogo kwa vidole, isugue juu ya karatasi nyeusi. Punje za kweli zitadondoka, za kahawia, ndogo kuliko ufuta. Kisha hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika, weka mahali penye joto, usiache kitambaa kikauke. Baada ya wiki hesabu zilizochipua. Za mchuuzi zilichipua 11. Nilikuwa nimenunua makapi.

Zile ninazozitolea maoni leo nilizipata kwenye duka la pembejeo upande wa bara. Kilo moja shilingi 1,200, nikachukua mbili. Mfuko una jina la aina, boma rhodes, una tarehe ya kupimwa na asilimia ya kuota. Kijana wa duka alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita mama. Lakini alitaka sana kunipa nyasi nyingine, foxtail, ile yenye kichwa kama mkia wa mbweha. "Mama, hii ndiyo ya ukame, hii haifi," akasema. Na kweli haifi. Wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wa sehemu kavu wanaisifu, na wana haki.

Kwa punda, hapana. Hapa nataka wenye punda wasome polepole. Foxtail, ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, ina oksaleti nyingi. Oksaleti hushikana na kalsiamu ya chakula, mnyama asiipate. Ng'ombe na mbuzi wana tumbo la kucheulia ambamo vijidudu huivunja oksaleti kabla haijaleta madhara. Farasi hana tumbo hilo, na punda ni wa ukoo wa farasi. Farasi akilishwa nyasi ya namna hiyo peke yake kwa miezi, mwili huanza kuchota kalsiamu ya mifupa yake mwenyewe. Uso huvimba, hutembea kwa maumivu, huchechemea bila jeraha. Boma rhodes haina tatizo hilo, oksaleti yake ni kidogo. Nilikuwa nimeshaambiwa na daktari kabla sijaenda dukani, ndiyo maana nilishikilia. Asiyeambiwa angerudi na foxtail, na kijana wa watu asingekuwa na nia mbaya hata chembe. Wauzaji wa pembejeo wanapaswa kuuliza kwanza: unalisha mnyama gani?

Maelezo ya upandaji yaliyo mgongoni mwa mfuko yameandikwa kwa Kiingereza tupu, kwa herufi za kusomwa kwa miwani. Kwa mbegu inayouzwa Mokowe, Witu na Mpeketoni, hilo ni upungufu na naliondolea alama.

Nililima kwa jembe la mkono na vijana wawili, tukavunja mabonge mpaka udongo ukawa laini, tukamwaga samadi ya punda iliyooza gunia 14. Ardhi yetu ya mchanga haina rutuba, na nyasi hii inapenda kula. Bila samadi hutoka nyembamba na kugeuka rangi ya limau. Kilo 2 zinatosha chini kidogo ya nusu eka. Kwa kuwa mbegu hupeperuka, nilizichanganya na mchanga mkavu wa Shela ndoo mbili, tukamwaga kwenye mistari asubuhi kabla ya upepo wa kusi kuamka. Usizifukie. Zikizama chini zaidi ya ncha ya kidole hazitoki tena. Sisi tulikokota tawi la mwarobaini juu ya mistari mara moja, basi. Siku iliyofuata niliwakuta sisimizi wamepanga safari wakibeba mbegu zangu, nikamwaga jivu kuzunguka kiota chao.

Mvua ya mwaka ikanyesha usiku wa tatu. Siku ya sita nilikwenda shamba baada ya alfajiri, jua bado halijapanda, nikaona mistari ya kijani, myembamba kama uzi wa kushonea kofia. Nilikaa pale chini peke yangu muda mrefu.

Wiki 6 za kwanza ni za kupalilia, na hakuna njia ya mkato. Ndago ilituchosha, na mbigiri ilitutoboa vidole. Changa, nyasi hii ni dhaifu, magugu huishinda. Baadaye hugeuka. Hutoa mashina yanayotambaa juu ya ardhi, kila kifundo kinachogusa udongo kinashika mizizi na kuwa mche mpya, na kabla ya mwezi wa nne mistari yangu ilikuwa imeungana ikawa mkeka. Chini ya minazi haikufanya hivyo. Ilirefuka, ikalegea, ikaacha mapengo; haipendi kivuli, na nawaambia mapema msipoteze mbegu chini ya miti.

Ilipochanua, kila shina lilitoa kichwa chenye vidole vingi vilivyoanzia mahali pamoja na kutawanyika kama mkono ulioachama. Mjukuu wangu akaiita nyasi ya vidole, na nyumbani kwetu jina limebaki hilo.

Lakini sehemu iliyonifanya niandike ni ile ya chini, ya maji ya chumvi. Nilipanda huko kwa kubahatisha. Ikaota kwa unyonge, fupi kuliko ya juu, lakini ikaota, ikaishi. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, umande ulipokauka, niliona majani yana unga mweupe. Nikadhani ni ugonjwa. Nikapitisha kidole, nikaonja: chumvi. Chumvi kabisa, ya kupikia. Nikampigia simu mtoto wa dada yangu anayesomesha sayansi sekondari, akaniambia nisiogope, ndivyo ilivyoumbwa. Nyasi hii ina vinyweleo vidogo mno juu ya majani, macho hayavioni, na kazi yake ni kuisukuma nje chumvi inayopandishwa na mizizi. Mkoko wetu mmoja, ule mchu, hufanya vivyo hivyo. Watoto wa Matondoni wote wamewahi kuulamba. Punda wangu Safari sasa akifika shamba anateremka moja kwa moja upande ule, anaanza na nyasi ya chumvi kabla ya nyingine. Sehemu niliyoiita mfu imenipa marobota 9.

Huyo mwalimu wetu ndiye aliyenitoa ujinga mwingine. Mimi nilidhani hii ni nyasi ya Ulaya, kwa lile neno rhodes na kwa maandishi ya mfuko. Akacheka kwa upendo, akasema, "Mama mdogo, hii ni ya Afrika. Imeota hapa kabla ya mfuko kuwako." Jina lake la kitaalamu ni Chloris gayana, lililotolewa na Kunth, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, kwa heshima ya Gay, mwenzake wa Ufaransa. Hilo rhodes ni Cecil Rhodes, mkoloni yule, aliyeipanda kwenye ardhi yake karibu na Cape Town miaka ya 1890. Akaisifia, ikabeba jina lake. Lakini mwenyewe hakuiumba. Asili yake ya mwituni ni bara hili: kuanzia Senegali upande wa magharibi, hadi Sudan na Ethiopia, kushuka Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia, Zimbabwe, mpaka Afrika Kusini. Huota mbuga zilizo wazi, kingo za mito, mabondeni panapotuama maji msimu wa mvua, mashamba yaliyoachwa, kando ya barabara. Huota chini pwani na juu zaidi ya mita 2,000.

Kutoka huku ikasambazwa dunia. Australia waliipata kwa askari wao waliorudi kutoka vita vya Makaburu. Aina moja wanayoithamini huko, Callide, mbegu yake ya asili ilitoka Mpwapwa, Tanzania. Wakaipa jina la bonde lao la Queensland. Za kwetu zilizochaguliwa na watafiti wa Kitale ziliachiwa majina ya nyumbani: Boma, Masaba ambalo ni jina la mlima Elgon, Mbarara la Uganda. Namna moja hiyo hiyo ya nyasi, lakini kila mahali imejifunza hali ya mahali pake, moja inatambaa zaidi, nyingine inasimama, moja inachanua mapema, nyingine inakawia.

Siwezi kueleza vizuri jinsi habari hiyo ilivyonigusa. Mume wangu alikuwa akisema punda wa Lamu ni hodari kwa sababu ni wa ardhi ya ukame, amezaliwa ajue jua. Na punda wa kufugwa asili yake ni Afrika, kaskazini mashariki huko, kwa punda-mwitu wa Afrika. Kwa hiyo mnyama na nyasi wote ni wa bara moja, na sisi tulikuwa tukimlisha maboksi.

Sasa mavuno. Nilikata mara ya kwanza baada ya miezi 4 na nusu, vichwa vilipoanza tu kuchomoza, nimeshajifunza kwa yale marobota ya mabua. Tunakata kwa mundu, tunaacha kiasi cha upana wa kiganja juu ya ardhi ili ichipue tena. Inaanikwa siku 2 au 3, inageuzwa asubuhi na alasiri, isichomwe na jua mpaka ipoteze ukijani. Fundi wa mashua jirani yangu alinitengenezea sanduku la mbao lisilo na chini. Tunalijaza, mjukuu anaingia kukanyaga, tunafunga kwa kamba ya makumbi. Robota moja linatoka kilo 15 hivi. Mwaka na nusu huu nimekata mara 5, jumla marobota 71. Nayahifadhi chini ya paa la makuti juu ya kichanja cha boriti, yasiguse ardhi.

Punda wa kilo 130 akilishwa asilimia 1.5 ya uzito wake anakula kilo 2 hivi za nyasi kavu kwa siku, wa kazi nzito nampa zaidi. Kwa punda 4, robota la kilo 15 linanipeleka siku moja na nusu. Hesabu inaonyesha wazi kwamba nusu eka haitoshi mwaka mzima. Kwangu imefunika kaskazi yote na ziada kidogo. Miezi ya mvua wanakula mabichi ya porini. Almasi hajalala tena na tumbo. Manyoya yake yamelainika, na mwanangu anayefanya naye kazi anasema hasimami tena njiani pale kilima cha ngome.

Kaskazi iliyopita shamba liligeuka manjano lote, na mzee mmoja jirani yangu alinipa pole kama ya msiba. Nikachimba kidogo kwenye shina, nikaona ndani pako hai. Mizizi yake hushuka mbali kufuata unyevu. Mvua ya kwanza iliponyesha, siku ya nne lilikuwa kijani.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni machache. Mbegu inauzwa kwa kilo moja kamili. Mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba angehitaji robo. Katika jaribio langu la kitambaa hizi za duka zilichipua 58 kati ya 100, chini ya ilivyoandikwa kwenye mfuko, labda kwa sababu ya joto la ghala, na joto la kwetu mnalijua. Na nyasi inatambaa bila kuomba ruhusa: imeshavuka kwa jirani, ikaingia kwenye tuta la mihogo yake, ikabidi nikaing'oe mwenyewe na kumwomba radhi. Lima mfereji mpakani tangu siku ya kwanza.

Mbegu ya boma rhodes naipa nyota 4 kati ya 5. Huduma ya duka nyota 3. Marobota ya kutoka mbali sitanunua tena.

Na msikimbilie kununua. Mche wa kifundo unashika kuliko mbegu, na shamba langu limejaa. Mwenye punda wa Matondoni, Kipungani au mjini akitaka, nitampa bure mwezi wa nne, mvua ikikaribia. Njooni asubuhi kabla jua halijawa kali, mje na gunia lililoloweshwa maji, mzipande siku hiyo hiyo.